Learco Bassoli, Fundi wa Upande wa Kushoto

Sogeeni karibu, ndugu, jamaa na majirani, mliosimama nje kwenye baridi ingieni ndani, mabenchi yakijaa kaeni kwenye ngazi, Padri ametoa ruhusa, na nyinyi mafundi wa zamani ambao masikio yenu yameliwa na nyundo njooni huku mbele kabisa, maana sauti ya msomaji ni moja na haitarudia. Tunaomba kimya. Mwenye mtoto mchanga asione haya, mtoto akilia na alie, marehemu alizoea kelele, lakini watu wazima tunawaomba mnyamaze mpaka mwisho, kwa kuwa familia imeandika yote inayoyajua, na wengi wenu haya mliyasikia nusunusu, kwenye baa au dukani kwa mwoka mikate.

Marehemu Learco Bassoli alizaliwa tarehe 14 Machi 1933 hapa Sorbara, mkoa wa Modena, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Anselmo Bassoli, mkulima wa zabibu katika mashamba ya watu, na marehemu mama Ines, aliyejulikana kijiji kizima kwa tortellini zake, vifuko vya tambi vilivyojazwa nyama, vidogo hata kijiko kimoja kikabeba saba. Mtoto wa kwanza ni Otello, aliyezaliwa mwaka 1931, na yupo nasi hapa. Mama Ines alikuwa na neno lake alilopenda kulisema juu ya wanawe, kwamba Otello alitoka tumboni amekunja ngumi na Learco alitoka amefungua viganja, "Mmoja alikuja kuchukua, mwenzake alikuja kuomba," na watu walikuwa wakicheka, ila alikosea mama wa watu, kwa sababu ilikuwa kinyume, Otello ndiye aliyekuwa mgawaji, na Learco ndiye aliyekuwa hawezi kuomba kitu, hata chumvi ikiwa mbali mezani aliitazama tu, akala chakula chake hakina chumvi, mpaka Otello amsogezee kibakuli akimwambia, "Wewe, mdomo ulipewa wa nini?"

Alibatizwa katika kanisa hili hili tarehe 2 Aprili 1933. Shule ya msingi aliianza Oktoba 1939 na kuimaliza Juni 1944, darasa la tano akilisomea ndani ya ghala la mvinyo, kwa kuwa jengo la shule lilikuwa limekaliwa na wanajeshi, na mwalimu wao, Pierina, alimwita mama yake akamwambia, "Mama Ines, huyu mtoto majibu anayajua, nayaona usoni kwake, ila hanyooshi mkono." Mama Ines akamjibu, "Mwulize Otello, atakuambia anachotaka kusema." Ndivyo ilivyokuwa mpaka wakawa wanaume, mwenye swali kwa Learco alimwuliza Otello.

Mwezi Septemba 1949 aliajiriwa katika karakana ya Bwana Ermete Tusini, iliyokuwa barabara ya kwenda Nonantola, palipo na duka la vigae sasa, karakana ya kutengeneza bodi za magari kwa mkono. Aliyemwombea kazi ni Otello, ambaye alikuwa pale tangu mwaka 1947, alisimama mbele ya Bosi kofia mkononi akasema, "Nina mdogo wangu, haongei, lakini bati linamsikia," na Bwana Tusini akasema hiyo ndiyo sifa anayoitafuta, wanaoongea anao tele.

Kazi yenyewe, kwa vijana ambao hamkuiona, ilikuwa hivi, karatasi za michoro hazikuwapo, Bosi alichora gari kwa chaki sakafuni, ukubwa wake wote, kisha ikajengwa mifupa ya nyaya, mtu unaweza kuona hadi upande wa pili kama kizimba cha kuku, kisha kila bati la alumini lililazwa juu ya mfuko wa mchanga, au kwenye gogo la mwaloni lililochimbwa shimo, likapigwa kwa nyundo ya mbao, likapelekwa kwenye nyaya, likakataa, likarudishwa, likapigwa tena mpaka likubali. Kila gari lilikuwa na mafundi wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na Otello alikuwa wa kulia, Learco wa kushoto. Na sheria ya karakana, ambayo haikuandikwa popote wala hakuna aliyekumbuka ilianza lini, ilikuwa moja, nyundo yako haigusi upande wa mwenzako, isipokuwa yeye mwenyewe amekupa neno kwa mdomo wake, au amekufa. Radames, aliyekuwa mchomeaji, aliwaambia wageni wa kazi siku ya kwanza, "Upande wa mtu ni kitanda chake, usiingie kwa sababu umeona hayupo."

Tarehe 26 Aprili 1958 marehemu alifunga ndoa katika kanisa hili na bibi Velia Gozzi, ambaye ndiye mjane wake. Hata hili aliombewa. Otello alikwenda kwa akina Gozzi siku ya kuchinja nguruwe, Velia akiwa na mikono ndani ya beseni la nyama ya soseji, akamwambia, "Velia, mdogo wangu anataka kukuoa, amekonda, ila kusema hawezi, nimekuja mimi." Velia hakuinua hata kichwa, akauliza, "Na kanisani atakayesema ndiyo ni yeye au ni wewe?" Learco alikuwa nyuma ya mlango wa zizi, akasikia, akatoka, akasema, "Mimi." Wote waliokuwapo pale wanakubaliana kwamba hilo ndilo neno refu alilolisema mwaka ule. Mungu aliwajalia watoto wawili, Loretta, aliyezaliwa tarehe 8 Juni 1959, na Ivonne, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1962, pamoja na wajukuu watatu.

Sasa tufike kwenye gari. Mwaka 1959 Bwana Tusini alichoka kuwatengenezea wengine mabodi yanayobeba majina ya wengine, akasema atatengeneza gari lake, siyo la mashindano, gari la matajiri wa kusafiri mbali kwa raha, mtu anywe kahawa yake Modena asubuhi, ale mchana baharini Nice, na shati lake lisiwe na mkunjo hata mmoja. Injini ya silinda sita aliinunua kwa watu wa Torino, ila umbo lilikuwa lake, boneti ndefu kama sentensi ya mwanasheria, paa la chini linaloteremka mpaka nyuma bila kukatika, viti viwili vya ngozi mbele, na nyuma nafasi ya watoto wawili wadogo au mabegi ya mtu asiye na watoto. Aliliita Garzetta, jina la yangeyange, yule ndege mweupe anayesimama kwa mguu mmoja kwenye mifereji yetu. Velia siku moja alimletea mumewe chakula, akapita katikati ya sakafu, Bosi akamwambia kwa upole, "Velia, umesimama juu ya madigadi yangu," na Velia akatazama miguu yake, akasema, "Samahani, Bwana Tusini, nilidhani ni nyoka." Bosi akalitazama lile umbo muda mrefu, kisha akapiga magoti akafuta kidogo, akachora upya. Mstari wa ubavuni wa Garzetta, ule mnaouona kwenye kalenda, ulipatikana siku hiyo, na Velia hajawahi kulipwa chochote.

Garzetta ya kwanza ilikuwa itoke katika maonyesho ya magari ya Torino, mwanzoni mwa Novemba 1960. Tarehe 12 Oktoba mke wa Otello, marehemu Argia, alijifungua Marzia katika hospitali ya Modena, mtoto akawa mzima, mama akapandwa na homa isiyoshuka, na Otello akaziweka nyundo chini, akakaa kando ya kitanda cha mkewe akizihesabu pumzi zake. Hakuna aliyemlaumu. Upande wa kushoto wa gari ulikwisha, ukang'arishwa hadi mtu anajiona ndani yake, na upande wa kulia ulikuwa umefika nusu, mlango na madigadi ya nyuma vikiwa na mabonde kama godoro la zamani.

Ndipo Bwana Tusini alipomwita Learco, mbele ya wote, akamwambia, "Learco, gonga upande wa kaka yako."

Learco akasema, "Huo una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko hospitali."

"Atarudi."

"Atarudi maonyesho yamekwisha, na mimi nimekwisha, na nyinyi nyote mmekwisha. Basi nenda kamwulize, chukua hata gari langu."

Learco gari hakulichukua, wala baiskeli yake, ambayo ilikuwa imeegemea ukuta pale pale. Velia alimwuliza jioni kwa nini hakwenda, akasema mtu ameketi na mkewe anayekufa, wewe utaingia na habari za mabati. Velia akamwambia, "Ungeingia na machungwa, habari ya bati ingetoka yenyewe." Lakini hakwenda. Kuomba lilikuwa jambo lisilompita kooni, na safari hii hapakuwa na wa kumwombea, maana mwombaji wake ndiye aliyepaswa kuombwa.

Basi mafundi wa rangi waliupaka upande wa kulia puti, ule uji mzito wa kuzibia mabati, wakaupaka unene wa kidole, wakausugua, wakaupiga rangi nyeupe, gari likapakiwa likaenda Torino, na kule likaegeshwa upande wa kulia ukiwa umeelekea ukutani, karibu kiasi kwamba hata mtoto asingepita. Watu walijipanga mstari. Picha zilipigwa, na zote ni za kushoto. Magazeti yalisifu, oda zikaja za kutosha miaka mitatu, na gari lenyewe likanunuliwa pale pale jukwaani na tajiri mmoja wa Milano aliyekataa kusubiri lingine, akaondoka nalo na puti yake, halikurudi tena karakana.

Argia alipona. Tarehe 21 Novemba 1960 Otello alirudi kazini, amenyoa ndevu, amebeba keki ya kuwapa wenzake kwa ajili ya mtoto, akatafuta upande wake asiuone, akaambiwa ulivyopakwa puti ukageuziwa ukuta. Alikata keki kwanza, akagawa vipande vyote, kisha akamwendea mdogo wake na kumwuliza kwa sauti ya kawaida, "Hospitali ilikuwa mbali gani?" Learco akatua kipande chake cha keki juu ya gogo, na Otello akaendelea, "Nilikaa wiki zote zile, nikisikia viatu koridoni nasema huyo Learco, anakuja kuniuliza, na neno nilikuwa nalo mdomoni tayari. Umeniweka ukutani, mdogo wangu." Learco akasema, "Sheria inasema mpaka mtu atoe neno." Otello akasema, "Au awe amekufa. Basi nihesabu nimekufa."

Hilo ndilo lililotokea, ndugu, halina zaidi. Waliosema palikuwa na fedha au palikuwa na mwanamke walikuwa wanajaza pengo.

Tangu siku hiyo mpaka karakana ilipofungwa mwaka 1973, Garzetta zote mnazozisikia, zilizokwenda Paris na Beirut na Amerika, zimegongwa na watu wawili wasiosemezana, gari likiwa katikati yao kama ukuta wa mpaka. Radames alibeba maneno. Learco akimtuma, "Mwambie mlango wake uko juu," Radames anazunguka boneti, anasema, "Otello, inasemekana mlango uko juu," naye anajibiwa, "Mwambie maiti haijibu," na baada ya muda mlango unashuka. Radames alilalamika kwa Bosi, "Mimi nimeajiriwa kuchomea bati, sasa nimekuwa posta." Hata hivyo hawakuhitaji posta sana, kwa sababu Learco alikuwa akisikiliza nyundo ya upande wa pili, ikipunguza naye anapunguza, ikisimama naye anasimama, na mkiiangalia Garzetta yoyote uso kwa uso mtaona taa ya kushoto imekaa juu kidogo kuliko ya kulia, kidogo tu, kwenye zote, kila moja. Wanunuzi walidhani ndiyo haiba yake.

Wake zao waliendelea kama kawaida. Argia na Velia walipelekeana mayai, supu ya Krismasi, nguo za watoto, na kila mmoja alijua ya nyumba ya mwenzake. Mama Ines alifariki tarehe 17 Desemba 1979, na wanawe walibeba jeneza lake, Otello akishika kulia na Learco kushoto, hakuna aliyewapanga, wakalifikisha sawasawa, wakaagana na kila mtu ila wao kwa wao.

Karakana ilifungwa pale mafuta yalipopanda bei na serikali ikakataza magari Jumapili, nani tena angenunua gari la kunywa mafuta hivyo. Otello alipata kazi kwenye kiwanda cha mabasi. Marehemu alifungua gereji katika zizi la baba mkwe wake, akanyoosha magari ya watu wa kawaida, yaliyogonga miti na yaliyogongana yenyewe kwa yenyewe, mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 1998 na kumwachia binti yake Loretta, aliyejifunza nyundo kwake bila kufundishwa, kwa kusimama tu kando.

Mwezi Septemba 2016 Garzetta ya kwanza ilirudi Sorbara. Ilikuwa ya bwana mmoja wa Lugano, aliyeinunua kwa warithi wa yule wa Milano, akamletea Loretta aifufue, kwa sababu rangi ya upande mmoja ilikuwa imepasuka kama tope la kiangazi. Loretta alipoikwangua, puti ikaanguka vipande vipande, na chini yake ukatokea mlango wa Otello na madigadi ya Otello, vimeachwa vile vile, alama za nyundo yake zikionekana mstari kwa mstari mpaka pale ya mwisho. Akamwita baba yake. Learco alikuja na ndala, akaweka kiganja juu ya lile bati.

Loretta akamwambia, "Baba, tuugonge, mimi nashika, wewe unaniambia."

"Una mwenyewe."

"Baba, una miaka themanini na mitatu."

"Naye ana themanini na mitano. Yu hai."

Tarehe 6 Oktoba 2016, siku ya Alhamisi, alivaa koti lake la Pasaka. Velia akamwuliza, "Unakwenda wapi na koti hilo, nani kafa?" Akajibu, "Nakwenda kwa Otello, kuomba." Velia alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na viazi alivyokuwa akimenya akavishika mkononi mpaka mumewe aliporudi.

Majirani wa Otello mlisikia yote, hakuna haja ya kuficha, hao wawili wote walikuwa viziwi kwa sababu ya kazi na mazungumzo yao yalikuwa kama ya watu walio ng'ambo mbili za mto. Marzia, binti Otello, alifungua mlango, akasema, "Baba mdogo," akampisha aingie. Learco akasimama mbele ya kaka yake aliyekuwa anasafisha maharage mezani, akasema, "Nimekuja kuomba."

Otello akasema, "Anasemaje?"

"Anasema amekuja kuomba, Baba," Marzia akapaza sauti.

"Kuomba nini?"

"Upande wa kulia," Learco akasema. "Ile gari ya kwanza iko kwa Loretta. Nigonge?"

Otello aliendelea na maharage yake. Kisha akasema, "Marzia, mwambie maiti haiombwi ruhusa."

"Nimemsikia," Learco akasema.

"Amesikia nini, huyo hasikii kitu. Mwulize hospitali ilikuwa mbali gani."

"Nusu saa kwa baiskeli."

"Na baiskeli alikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ilikuwa nzima?"

"Nzima. Hata pancha haikuwa nayo."

Marzia anasema baba yake alitafuta punje moja iliyoanguka sakafuni, akaikosa, akasema, "Haya, kaa, unanizibia mwanga." Learco akakaa. Ruhusa hakupewa. Alipewa kahawa.

Akarudi Alhamisi iliyofuata, na zilizofuata zote. Walicheza karata, Marzia akiwa mshirika wa mmoja au mwingine, na maneno yao ya kwanza baada ya umri mzima yalikuwa ya karata, "Umeficha mfalme wewe," "Nimeficha wapi, kwenye soksi?", "Ulikuwa mwizi tangu kwa Mwalimu Pierina," "Mwizi ni wewe, mimi nilikuwa naangalia tu." Na kila alipoinuka kuondoka, koti mkononi, Learco alisema, "Otello, nigonge?" naye akajibiwa, "Siyo leo," au "Baridi, bati halipendi baridi," na mara moja, "Una haraka gani, si umezoea kungoja?" Bwana wa Lugano alimpigia Loretta kuuliza kazi imefika wapi, Loretta akamwambia inasubiri ruhusa, akauliza ruhusa ya serikali, akaambiwa ya baba mkubwa, akauliza kama huyo baba mkubwa anaweza kulipwa kidogo, Loretta akamwambia, "Bwana, jaribu kumlipa, halafu uje uchukue gari lako kwa mkokoteni." Yule bwana akasubiri, na tunamshukuru.

Marehemu alianza kuugua mwanzoni mwa Februari 2017, kifua kikabana, pumzi zikawa fupi, na tarehe 19 Februari alilazwa katika hospitali ya Modena, ambako ilionekana mapafu yamejaa maji na moyo umechoka. Otello hakwenda kumtazama. Wapo waliosema, na walisema kwa sauti, kwamba huyo mzee ana jiwe badala ya moyo, lakini Marzia anajua kwamba baba yake aliwekwa ndani ya gari mara mbili, na mara mbili akashuka kwenye mzunguko wa barabara ambapo jengo la hospitali linaanza kuonekana, akasema ile nyumba hataingia tena. Learco hakuuliza kwa nini hakuja. Aliuliza kila asubuhi, "Amesemaje kuhusu upande?" na Loretta kila asubuhi akasema, "Bado, Baba," na yeye akasema, "Sawa."

Tarehe 4 Machi, siku ya Jumamosi, madaktari walimrudisha nyumbani, wakieleza kwa upole kwamba hakuna zaidi. Loretta alimpigia Otello, akamwambia, "Baba mkubwa, baba yuko nyumbani, siyo hospitali tena, mpe neno lake hata kwa simu." Otello akasema, "Mambo ya nyundo hayasemwi kwenye simu. Alhamisi nitakwenda mwenyewe. Mwambie Alhamisi ni zamu yangu mimi kutembea." Learco aliambiwa, akaelewa, akaomba koti la Pasaka litundikwe mahali anapoliona.

Alifariki Jumanne tarehe 7 Machi 2017, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mke na mabinti zake wakiwapo, pasipo maumivu makali, wiki moja kabla ya kutimiza miaka themanini na minne. Velia alizima jiko, kwa sababu mchuzi ulikuwa unachemka, kisha akarudi akaketi. Hakuna aliyelia. Ilikuwa kama nyundo imesimama upande wa pili nawe bado unangoja ianze tena.

Otello alisikia kengele, akauliza ni ya nani, akatembea toka kwake mpaka pale, kilomita nne, Marzia akimfuata nyuma na gari polepole, kwa kuwa alikataa kupanda. Saa sita aliingia chumbani na kofia mkononi, akasimama upande wa kulia wa kitanda, akasema kwa sauti yake ile kubwa iliyosikika mpaka barabarani, "Learco. Gonga." Akangoja. Watu wote chumbani walingoja naye, sijui kitu gani. Akasema tena, chini kidogo, "Gonga basi, nimekwambia." Velia akamsogezea kiti akamwambia, "Keti, Otello, hasikii," na Otello akajibu, "Najua hasikii, wala mimi sijisikii," akaketi, na amekuwa pale mpaka asubuhi ya leo, ambayo ni Alhamisi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hospitalini, na muuguzi aliyekuja nyumbani siku zile tatu kwa viatu vyenye matope, Padri kwa rozari ya jana, majirani walioleta supu zaidi ya sufuria tulizonazo, mafundi wenzake wa zamani waliobaki, ambao mmekuja na fimbo na wengine na mashine za oksijeni, bendi ya kijiji itakayotusindikiza, na Marzia kwa kahawa za Alhamisi. Learco, kazi umeimaliza kadiri ulivyoachiwa, jinyooshe sasa, ulale kwa utulivu.

Na ili pasiwe na maneno nyuma ya mazishi, aliyoyaacha ni haya. Nyumba na mistari sita ya mizabibu ni ya mjane wake Velia. Gereji, gogo na mifuko ya mchanga ni vya Loretta, ambaye alikuwa navyo tayari. Baiskeli ni ya Ivonne, ambaye ndiye aliyeiomba. Karata ni za Marzia. Upande wa kushoto wa Garzetta, ambao kwa sheria ya karakana sasa unaweza kuguswa na mtu yeyote, marehemu alimwambia Loretta kwa mdomo wake, Jumatatu jioni, kwamba unarithiwa na Otello, akipenda augonge, akipenda auache. Upande wa kulia hakumwachia mtu, kwa sababu haukuwa wake kuuacha, mwenyewe yu hai, ndiye huyu aliyeketi hapa mbele, na anayetaka kuugonga na aende akamwulize.